Betri Iliyozibwa Nta

Ninyi mnaokaa juu ya pikipiki za umeme huku zinachaji, mguu mmoja huku mwingine kule, simu mkononi, hebu shukeni kwanza. Shuka, kaa pembeni, halafu tuongee. Sisemi italipuka. Nasema mimi nikimwona mtu amekalia kitu kinachosukumiwa umeme kwa nguvu na wala hakiangalii, siwezi kupita bila kusema. Nimestaafu, nakaa zangu hapa Kigera nafuga kuku, lakini macho bado yako kazini.

Mimi Mwajuma nilichaji betri Musoma tangu nikiwa binti mpaka mgongo uliponikatalia kunyanyua. Kibanda chetu kilikuwa jirani na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Tulichaji betri za malori, za matrekta, za redio, baadaye za televisheni. Watu waliniita Mama Asidi hata kabla sijazaa. Magauni yangu yote yalikuwa na matundu, maana tone moja la maji makali, ile asidi ya betri, likikudondokea hulioni, unakuja kuliona ukishafua.

Juzi nilipita kwenye kituo kimoja cha kuchajia haraka. Nikasimama, nikaangalia ile mashine juu mpaka chini. Fundi wao akaniuliza, "Mama, nikusaidie nini?" Nikamwambia, "Nionyeshe pa kuizimia hii." Akacheka. Nikamwambia usicheke, nionyeshe. Akanionyesha. Hapo ndipo nikakubali kusogea.

Mnaniulizaga inakuwaje mashine ile ijaze kwa muda wa kunywa chai kitu ambacho nyumbani kinachukua usiku kucha. Sikilizeni. Umeme wa ukutani unakwenda mbele na kurudi nyuma, na betri haiutaki huo. Betri inataka umeme wa kwenda upande mmoja tu, kwa hiyo lazima pawe na kitu cha kuunyoosha. Ukichaji nyumbani, kinyooshi chenyewe ni kidogo, kiko kwenye waya au ndani ya chombo, na kinapitisha kidogo kidogo. Kituoni kinyooshi ni lile kabati lote mnaloliona. Linanyoosha umeme mwingi kwa mara moja na kuusukuma moja kwa moja kwenye betri.

Sasa betri ikiwa tupu inapokea chochote. Ikianza kushiba inakataa. Ukiendelea kuilazimisha, ule umeme unaozidi hauna pa kwenda, unageuka joto, na joto ndilo linaloua betri. Ndiyo maana mashine zenu za siku hizi zinaongea na betri. Betri inasema nina joto kiasi hiki, nimejaa kiasi hiki, na mashine inapunguza. Mnalalamika kwamba mwanzo inakimbia halafu mwishoni inajikokota. Mshukuruni Mungu inajikokota. Nilimuuliza yule fundi, "Na betri ikidanganya je?" Akasema haidanganyi. Haya. Mimi nimeishi muda mrefu kidogo kuliko yeye.

Betri zetu hazikuwa na mdomo wa kuongea na mashine. Zilikuwa na maji makali ndani, sahani za madini ya risasi, na vifuniko sita juu, kila kifuniko na katundu kadogo. Betri yetu ikilazimishwa, maji yake yanachemka na kugeuka gesi. Gesi ile inatakiwa itoke kwenye katundu. Ikitoka inasambaa, hakuna neno. Ikikosa pa kutokea, na cheche ikaruka hapo karibu, basi tena.

Aliyenifundisha hayo yote ni Fundi Idi, mwenye kibanda. Mama yake Mkerewe, baba yake alitokea Tabora, yeye mwenyewe wa Musoma kabisa. Mtu mfupi, msafi, hana haraka. Alipima joto la betri kwa nyuma ya mkono, siyo kwa kiganja, akisema kiganja cha fundi kimeshakuwa sugu kinadanganya. Aliinamisha sikio akisikiliza vile inavyochemka. Na kabla ya kushika kibanio cha waya, lazima mashine izimwe. "Zima kwanza!" Alinisemesha maneno hayo kila siku mpaka nikawa nayasema jikoni kwangu, natoa sufuria mekoni nasema zima kwanza. Mume wangu akadhani nimerogwa.

Nilianza kazi miaka ile ya shida, vitu hakuna. Maji makali hayapatikani mpaka uwe na mtu Mwanza, au dereva wa kuyapitisha mpakani Sirari chini ya viroba. Maji safi ya kuongezea kwenye betri ndiyo kabisa. Fundi Idi alitandika nailoni uani mvua ikinyesha, tukakinga maji. Ya kwenye bati alikataa, alisema yana kutu, na kutu inaua sahani. Mvua ikikatika katikati ya kazi unamwona amesimama mlangoni anaangalia juu kama mkulima.

Na miaka ile kila mtu alimshuku kila mtu. Ukinunua mafuta ya taa unayanusa. Ukinunua sukari unailamba mbele ya muuzaji, naye anakuangalia kama unamwibia kwa ulimi. Mafundi chaji ndiyo usiseme! Walisema tunanyonya maji makali kwenye betri za watu na kuuza, tunajazia maji ya ziwa. Na siwezi kuapa kwamba hakuna aliyefanya. Walikuwapo, na mmoja namjua, akifungua mdomo sasa hivi kunibishia nitamtaja.

Ndiyo maana watu wa visiwani wakawa na desturi ya kuziba. Mtu wa Rukuba analeta betri mwaloni, anaiacha siku tatu, nne, anarudi kwenye kambi yake ya uvuvi. Atajuaje haijafunguliwa? Basi anadondoshea nta ya mshumaa juu ya vifuniko vyote sita, anailainisha kwa kidole gumba. Akirudi akakuta nta imevunjika, ugomvi. Fundi Idi hakukasirika. Alipasha sindano motoni, akaitoboa ile nta kwenye kila katundu mbele ya mwenyewe, akasema, "Betri lazima ipumue, mzee wangu, hata wewe nikikuziba pua utanipiga." Halafu anachora duara kwa chaki ubavuni. Betri yenye duara ilikuwa na nta iliyotobolewa. Isiyo na duara ilikuwa haina nta. Basi, utaratibu wetu ulikuwa huo, na haukuwahi kutuangusha.

Biashara zilipofunguliwa, vitu vikaingia. Ghafla maduka yamejaa redio, kila kambi ina redio kubwa, na watu waliokuwa wanasubiri betri siku tatu sasa hawataki kusubiri hata saa tatu. Fundi Idi akanunua mashine ya haraka kwa mfanyabiashara wa Mwanza. Nyekundu, ina kitasa cha kuzungusha na mshale unaoruka. Kufika tu akaizunguka mara mbili. "Hii inalisha kwa mwiko," akasema. "Betri tupu kabisa, ipe dakika chache, basi, uirudishe kwenye ile ya zamani. Usiizoee."

Mimi nikaizoea. Niseme ukweli, niliipenda. Unazungusha kitasa, mshale unaruka, mteja anasimama palepale anatabasamu, anakuita fundi. Fundi Idi akigeuka, naongeza. Akienda kuswali, naongeza zaidi. Wateja wakaanza kuuliza, "Yule mama yupo?" Kichwa kikavimba.

Haikupita muda nikaanza kuona maji yanapungua kwenye betri. Asubuhi yamefunika sahani, kesho yake yako chini. Sikuishuku mashine, wala mkono wangu. Nikamshuku Fundi Idi! Mtu aliyenifundisha kushika waya! Maana kila Ijumaa, akitoka msikitini, alipanda gari la Bunda kwenda kwa mama mkwe wake Manyamanyama, na mkononi ana galoni imefunikwa kitambaa. Nikimuuliza anasema, "Vitu vya bibi." Nikajiambia, ahaa, kumbe! Kumbe yale waliyokuwa wanasema watu ni kweli, na mimi nimekaa hapa natetea.

Ukishaanza kumshuku mtu, kila anachofanya kinakuwa ushahidi. Akiimba, anaficha kitu. Akinyamaza, anaficha kitu. Akinipa ndizi, ananihonga. Nilikuwa sili naye kwa amani tena.

Jumanne moja Fundi hayupo, amekwenda kuswali alasiri, mchukuzi wa mwaloni akaleta betri kutoka Rukuba. Ya kambi ya Magesa. Magesa alikuwa mvuvi, Mjita, mtu mpole, mkubwa wangu kidogo. Betri ile walichangia kambi nzima kwa ajili ya redio. Nikaikagua juu, haina nta. Nikashangaa, maana kambi yao huzibaga. Nikadhani walikuwa na haraka siku hiyo. Nami nikaona hapo ndipo pa kumkamatia mwizi wangu. Nikawasha mshumaa, nikadondosha nta juu ya vifuniko vyote sita, nikalainisha kwa gumba kama wao wanavyofanya. Nikaiweka kwenye foleni. Nikasema moyoni, akiifungua kuiba, nta itaniambia. Nilipanga kuibandua kabla ya kuichaji.

Duara la chaki sikuchora. Yeye akiliona angejua ina nta, na mtego wangu ungekufa.

Kesho yake, mchana kweupe, Magesa mwenyewe akaingia. "Dada Mwaju, nisaidie, mtumbwi unaondoka sasa hivi. Kesho kuna mpira, kambi nzima wananisubiri, nikirudi bila redio watanitosa majini." Fundi Idi alikuwa upande wa pili na betri ya trekta. Akasema, "Iweke kwenye ya zamani, aondoke na mtumbwi wa jioni." Magesa akanitazama kama anayeomba huruma. Nikamkonyeza. Nikaibeba mpaka kwenye ile nyekundu, nikabana waya, nikazungusha kitasa mpaka mwisho.

Mnataka kujua kama nilisahau nta? Sikusahau. Nilisema ngoja kidogo, dakika mbili tatu, nitaiangalia vizuri kama imeguswa, halafu nitabandua. Mteja mwingine akaingia, nikampokea, tukabishana kidogo, nikarudi. Nikainama. Uso wangu ulikuwa juu ya betri kabisa, naitazama nta, kifuniko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Yote nzima. Haijaguswa. Na mnajua nilisikia nini? Nilisikitika. Nilisikitika kwamba mtu hakuwa mwizi.

Ubavu wa betri ulikuwa umevimba, mimi sikuuona. Fundi Idi aliuona kutoka kule alikokuwa. "Mwajuma!" Akaja, akanisukuma bega nikaanguka kwenye magunia. Swichi ilikuwa ukutani nyuma ya magunia yale, na mimi nilikuwa nimeiziba. Mtu ambaye alinisemesha zima kwanza kila siku ya Mungu, hakuzima. Alivuta kibanio kwa mkono ili kuiondolea umeme betri ile kabla haijapasuka. Cheche ikaruka. Gesi ilikuwa imeshaanza kupenya kwenye ufa ubavuni.

Mlio wenyewe siukumbuki. Nakumbuka Fundi amepiga magoti, mikono usoni. Tulikuwa na pipa la maji hapo. Nilimmwagia kopo baada ya kopo, Magesa akamshika kichwa, nikamwambia afungue macho, afungue tu hata kama yanauma, maji yaingie. Hilo lishikeni ninyi vijana, hata kama betri zenu hazina maji makali tena: jichoni ni maji tu, mengi, muda mrefu, usipake kitu. Tulimmwagia mpaka pipa likaisha, ndipo tukampeleka hospitali. Jicho la kushoto halikupona. La kulia likabaki na ukungu, anaona mtu amesimama lakini hajui ni nani.

Watu walijaa kibandani. Mmoja akaokota kipande cha juu cha betri, akakigeuza. "Nta! Watu wa visiwani hawa na nta zao!" Wote wakamgeukia Magesa. Nguo zetu zilikuwa zimelowa, mimi na yeye, na shati lake lilikuwa linaliwa na maji makali, hajali. Akasema, "Mimi sijaziba. Ni mdogo wangu Mafuru ndiye huzibaga betri za kambi. Lakini jana nilimwambia asizibe, nilimwambia Idi namwamini." Akanitazama. "Dada, ilikujaje?"

Nikainama kuokota vipande.

Hospitali, Fundi Idi alikuwa amefungwa bandeji macho yote mawili. Akauliza swali hilohilo. "Nani aliziba?" Nikasema, "Ilikuja hivyo." Maneno mawili. Akageukia ukutani akasema, "Mungu atamlipa."

Hakurudi kazini. Hakuweza tena kusoma kipimio cha maji makali, na fundi asiyesoma kipimio afanye nini? Akahamia Manyamanyama, kwa kina mkewe. Magesa alimfuata huko mara mbili, amebeba samaki, kaomba msamaha kwa niaba ya kambi. Fundi Idi, yule mtu asiye na haraka, alimfukuza mlangoni na samaki wake. Alisema harufu ya kisiwa hataki kuisikia.

Mimi nikabaki na kibanda. Na maji kwenye betri yakaendelea kupungua. Mwizi ameondoka, maji yanapungua. Siku hiyo nilikaa chini mbele ya ile mashine nyekundu, nikarudisha kitasa chini, nikakiacha hapo wiki nzima. Maji yakatulia. Ni mimi nilikuwa nayachemsha. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Na galoni ya Ijumaa? Mkewe aliniambia mwenyewe, wala sikuuliza: mafuta ya sangara ya kumchua mama mkwe magoti. Kitambaa ni kwa sababu yananuka, abiria wasilalamike.

Nikafanya kazi. Nikafundisha wengine. Nikawa mkali kuhusu nta, yeyote akileta betri iliyozibwa namrudisha nayo mlangoni, na watu wakasema Mama Asidi ana uchungu kwa sababu ya Fundi wake. Niliwaacha waseme. Kila sikukuu ya Idi nilikwenda Manyamanyama na sukari na kitenge cha mkewe. Na kila sikukuu Fundi ananishika mkono anawaambia wageni, "Huyu ndiye aliyeniokoa macho. Asingemwaga maji ningekuwa gizani kabisa." Naitikia.

Nilivumilia mpaka nilipostaafu. Sikukuu ya mwaka huo, wageni walipoondoka, nikamwambia. Sikupanga maneno. Nikasema, "Fundi, nta niliiziba mimi. Nilidhani unaiba."

Nilikuwa tayari kwa matusi, nilikuwa tayari hata anipige na bakora yake. Akasema, "Jicho nimeshalizoea, Mwajuma. Lakini umenifanya nimlaani mtu bure miaka yote hii. Nilikuwa naswali, na nikimaliza kuswali, namlaani." Akaanza kupapasa bakora yake. "Nilimfukuza na samaki wake." Akamwita mkewe amletee viatu. Nikamwambia Fundi, leo hakuna mtumbwi wa kwenda Rukuba. Akasema basi nalala Musoma, kwako, na kesho unanipeleka.

Rukuba tulifika jua likiwa juu. Magesa tulimkuta anashona nyavu mbele ya nyumba yake, nywele nyeupe zote. Alipomwona Fundi Idi anashuka kwa kushikwa mkono alisimama, nyavu zikamponyoka. Nikasema shikamoo. Fundi hakusubiri kukaa. "Magesa, nimekuja kukuomba radhi. Huyu atakwambia kwa nini." Akanisukuma mbele kidogo.

Nikasema yote. Mshumaa, kidole gumba, yale maneno mawili hospitali. Nilisema nikiangalia miguu yake.

Magesa akakaa chini mchangani, taratibu. Nilidhani atanitukana. Akauliza, "Kwa hiyo siyo Mafuru?"

"Siyo Mafuru."

"Kwa sababu mimi nilirudi siku ile na shati limeungua nikampiga. Mbele ya kambi yote. Akaapa kwa jina la baba yetu kwamba hakuziba, nikamwambia mwongo mkubwa wewe, umemtoa mtu macho. Nikamwambia aondoke." Alikuwa anaokota nyavu, anaziweka, anaziokota tena. "Akaondoka na mtumbwi wa asubuhi. Hata mama alipokufa hakuja. Tumetuma watu Ukerewe, Mwanza, hata upande wa Kenya. Hakuna."

Fundi Idi akainama, akatafuta bega lake kwa mkono mpaka akalipata.

Magesa akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, ningemshukuru kama angekuwa nayo. Alikuwa ananiuliza kweli, kama mtu anayeuliza njia.

"Dada Mwaju," akasema, "sasa nitampata wapi nimwambie?"